Kumlisha mgonjwa wa kansa ya titi kipindi cha kemo, wiki kwa wiki

Hii naiandika kwa ajili yako wewe unayepika. Mgonjwa mwenyewe akisoma ni vizuri pia, ila mara nyingi anayehangaika na sufuria ni mdogo wake, mtoto, mume au wifi, na ndo huyo huyo kila mgeni akiingia anamuuliza "unampa nini?" alafu kabla hajajibu anapewa orodha ya vitu vya kukataza. Mi nimemuuguza dada yangu mkubwa, kansa ya titi la kushoto, kemo (dawa kali za kuua kansa, zinaingizwa kwa dripu) nane za kila baada ya wiki tatu kisha operesheni, na miezi ya mwanzo nilimlisha vibaya kwa nia njema kabisa.

Yani tulikataza karibu kila kitu. Nyama hapana, sukari hapana, maziwa hapana, mayai ya kisasa hapana, maharage eti yanachochea uvimbe. Akabaki na mchicha wa kuchemsha bila mafuta, juisi ya bitiruti, na maji ya majani ya mstafeli asubuhi na jioni. Kufika kemo ya tatu sketi zote zinamvuka, damu ikapimwa ikaonekana iko chini, kemo ikaahirishwa wiki nzima. Siku hiyo mtu wa lishe akanikalisha, akaniuliza jana kala nini tangu asubuhi, nikataja, akaandika, akajumlisha, akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, hiki chakula hakimtoshi mtoto wa darasa la pili." Nililia pale pale kwenye benchi. Haya ninayoandika ni niliyofundishwa kuanzia siku ile pamoja na niliyoyaona jikoni kwangu, na kama mgonjwa wenu ana kisukari, figo au presha basi muongee kwanza na daktari wake maana hao mlo wao una hesabu nyingine.

Nianze na sukari maana ndo inayoua watu kwa njaa. Watu wanasema "sukari inalisha kansa" wakimaanisha ukiacha wanga wote, wali, ugali, viazi, ndizi, uvimbe utakufa njaa. Haiko hivyo. Kila seli ya mwili inatumia sukari ya kwenye damu, ya ubongo, ya moyo, na ya kansa pia, na ukimkatia mgonjwa wanga wote mwili wake unavunja misuli yake mwenyewe kutengeneza sukari hiyo hiyo. Anayekonda ni mgonjwa, uvimbe unabaki palepale. Soda, keki na juisi za boksi punguzeni kwa sababu zinajaza tumbo bila kujenga kitu, na pia zile siku anazopewa dexamethasone (ni dawa ya kuzuia kutapika na mzio, wanaipata wengi siku ya kemo) sukari inapanda yenyewe na njaa inakuwa kali na usingizi unapotea. Ila kijiko cha sukari kwenye uji wa mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana, jamani muwekeeni.

Cha pili ni protini, na hapa usikadirie kwa macho, piga hesabu. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa kansa wanashauri gramu 1 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo dada yangu wa kilo 60 alihitaji gramu 60 mpaka 90 kila siku. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kipande cha samaki, kuku au nyama kilichoiva chenye ukubwa wa kiganja bila vidole kama 25. Sasa jumlisha, mayai mawili asubuhi, kikombe cha maharage mchana, kipande cha samaki jioni, glasi mbili za maziwa au mtindi katikati, umeshafika 68. Mchicha peke yake usingefika huko hata ungepika fungu zima la sokoni. Na kama hela ni ya shida, dagaa wakavu wasio na chumvi zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, mi nilikuwa natoa vichwa, naosha mchanga wote, nakausha tena kwenye kikaango, nasaga kwenye blenda, unga wake naunyunyiza kwenye mboga au supu kijiko kimoja kimoja na hata hausikii sana.

Soya nayo inaogopwa kwa sababu ina vitu vinavyofanana na homoni ya kike ya estrojeni na kansa nyingi za titi zinakua kwa estrojeni. Soya ya chakula, yani maharage yenyewe au unga kidogo kwenye uji, haina tatizo. Zinazokatazwa ni zile vidonge na poda zilizokamuliwa wanazouza kwa ajili ya wanawake wa makamo, hizo achaneni nazo.

Haya, sasa kalenda. Hiki ndo kitu nilichotamani mtu aniambie siku ya kwanza, kwamba hupiki chakula cha aina moja kwa miezi sita, unapika kulingana na umbali kutoka siku ya dripu. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia siku ya kemo, hesabu siku 21, zigawe mara tatu. Wenye kemo ya kila wiki mtiririko wao ni tofauti, ila dalili zikija tiba zake jikoni ni hizi hizi.

Siku ya kemo yenyewe ale kitu chepesi kabla ya kutoka, mkate na yai, viazi vitamu, uji, asiende tumbo tupu na asiende ameshiba kupita kiasi. Na tafadhali usimbebee chakula anachokipenda sana. Mi kemo ya kwanza nilimpikia pilau, dada yangu ni mtu wa pilau toka utoto, nikaweka kwenye hotipoti tukaenda nayo, akala pale pale akisubiri, jioni akaitapika yote. Mwili unaunganisha ile ladha na ule ugonjwa, na ukishaunganisha hautoki kirahisi. Siku hiyo mpe chakula ambacho hata akikichukia hamtapoteza kitu.

Maji ni lazima. Moja ya dawa wanazopewa wengi, cyclophosphamide, inaweza kuunguza kibofu cha mkojo, ndo maana wanaambiwa wanywe sana na wakojoe mara kwa mara siku hiyo na inayofuata. Ile nyingine nyekundu, doxorubicin, inatoa mkojo mwekundu siku moja mbili, ni rangi ya dawa, msishtuke. Ila usimpe bitiruti siku hizo hizo, maana ikija kutoka damu ya kweli hamtajua kipi ni kipi, sisi tulishakimbizana usiku kwa ajili hiyo.

Siku tano sita za mwanzo ni za kichefuchefu. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kwa saa zake hata kama anajisikia nafuu, ukisubiri mpaka atapike umechelewa. Pika mbali na anapolala, mkaa uwe nje, sufuria ifunikwe, kitunguu na vitunguu saumu ukaangie wakati yeye amelala au yuko barazani upande wa upepo. Chakula cha baridi au cha uvuguvugu hakina harufu kali kama cha moto kwa hiyo viazi vilivyopoa, mkate mkavu, ndizi, mtindi, yai lililochemshwa sana, vinapita pale ambapo wali wa moto unagoma. Sahani ndogo kila baada ya masaa mawili matatu. Tulikuwa tunaweka biskuti kavu pembeni ya mto ale moja mbili kabla hajanyanyua kichwa asubuhi, ilisaidia kuliko nilivyotegemea. Kunywa iwe katikati ya milo siyo pamoja na chakula, chai nyepesi ya tangawizi, maji ya ndimu, dafu kidogo kidogo.

Kuna siku alikuwa anaangalia tu sahani. "Dada, kula hata vijiko vitatu." "Mdogo wangu, harufu inanipiga hapa," anashika koo. Nilikuwa nalazimisha, nikaja kuona nikilazimisha anatapika na vile vijiko vitatu vya asubuhi. Kwa hiyo nikawa naacha bakuli karibu, natoka chumbani, narudi baada ya nusu saa, mara nyingi nakuta kimepungua. Ila asipoweza kushusha hata maji siku nzima hiyo siyo ya kusubiri, rudini hospitali akawekewe dripu.

Tumbo nalo linageuka pande zote mbili. Ile ondansetron ya kichefuchefu inafunga choo, kwa hiyo papai kila siku kuanzia siku ya kemo, juisi ya ukwaju, maji, na kutembea mpaka getini na kurudi hata mara tatu. Akiharisha badala yake, punguza papai na maziwa, mpe wali laini, ndizi, uji mwepesi na ORS (ile poda ya kuchanganya na maji kurudisha maji na chumvi mwilini), na kama haipo nyumbani basi lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha siyo vya mlima. Kuhara kukizidi siku moja pigieni simu wauguzi.

Alafu mdomo. Wengi wanalalamika kila kitu kina ladha ya chuma, hapo weka vijiko vya chuma kabatini atumie cha plastiki au cha mbao, na nyama ikimchukiza usishindane naye, hamia kwenye samaki, mayai, kunde, choroko za nazi. Ndimu na ukwaju vinafukuza ile ladha lakini ni kama hana vidonda. Vidonda vikitoka ondoa ndimu, pilipili, nyanya, machungwa, vitu vikavu na vya moto sana. Asukutue mara nyingi kwa siku, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda, asukutue na kutema, kisha mswaki laini kabisa.

Chakula kilichotuvusha wakati wa vidonda ni mtori, hapo nawashukuru sana Wachaga. Unachemsha nyama yenye mfupa mpaka inaachia yenyewe, unatia ndizi mbichi, ukipata mshare ndo zenyewe, kitunguu kidogo, chumvi kidogo, zikiiva unatoa mifupa unaponda kila kitu pamoja na ile nyama mpaka ilainike, unamalizia na maziwa au kijiko cha siagi. Bakuli moja lina wanga, protini na mafuta na linateleza bila kutafuna. Parachichi lililopondwa, mtindi, uji wa maziwa vinasaidia pia.

Kuhusu uji, ule wa lishe wenye nafaka kumi na mbili kwenye mfuko mmoja mi niliuacha. Mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele vyote ni wanga, kuvichanganya vitano hakuongezi sana, na kila kimoja kinaiva kwa muda wake. Chukua ulezi peke yake au mahindi peke yake, pika mpaka uive kweli, kisha ongeza maziwa na karanga zilizosagwa. Karanga na mahindi mchague moja moja, iliyoota ukungu, iliyosinyaa au chungu tupa, usiioshe ukaipeleka. Sumukuvu, yani sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho wala haitoki kwa kupika, mwaka 2016 ilipoteza watu Dodoma na Manyara, na inaloshambulia ni ini, lile lile linalohangaika na dawa za kemo.

Wiki ya pili, kama siku ya 7 mpaka ya 14, anaweza kuonekana mzima, ameanza kucheka, kumbe ndo kinga yake iko chini kabisa. Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zinashuka kipindi hicho na vijidudu ambavyo wewe ungeharisha navyo mara moja ukapona, yeye vinamlaza. Kwa hiyo mayai yaive mpaka kiini kikauke, maziwa yachemshwe au yawe yaliyosindikwa, mtindi wa kienyeji wa maziwa mabichi hapana, nyama isiwe na wekundu ndani, hamna nyama choma ya njiani, hamna kachumbari ya mgahawani, hamna juisi ya miwa wala matunda yaliyokatwa yakawekwa kwenye mfuko. Matunda ale, ila nunua mzima, osha kwa maji safi, menya wewe, ale hapo hapo. Kiporo kama hakikuingia friji mapema usimpe, na kilicholala kwenye friji kipashwe mpaka kitokote.

Wageni ndo mtihani. Mama mkwe wake alikuja na hotipoti ya samaki wa kupaka kasafiri nayo tangu asubuhi, jua la Dar unalijua, na mimi nilishaona aibu ikanipanda. Nikamwambia, "Mama shikamoo, tunashukuru sana, ila wiki hii daktari kasema ale kilichotoka jikoni saa hiyo hiyo tu." Akaelewa, akaomba kisu, akaingia jikoni kumenya ndizi. Mlaumu daktari, watu wanaheshimu.

Nunua kipimajoto. Joto likifika 38 ni hospitali muda huo huo hata iwe saa nane usiku, usimpe Panadol ukasubiri asubuhi kwa sababu inashusha joto huku maambukizi yanaendelea ndani.

Wiki ya tatu ni ya kujaza. Hamu inarudi, mdomo umepona, hapa ndo anarudisha alichopoteza, kwa hiyo bajeti nzuri ya mwezi niliihamishia huku. Maini mara moja kwa wiki yaliyoiva vizuri, nyama, dagaa, samaki, kisamvu cha karanga, matembele, na chungwa au embe baada ya chakula kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye mboga. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, isogezwe mbele lisaa limoja baada ya kula, hiyo nyumbani kwetu ilileta ugomvi kidogo maana sisi wali na chai ya rangi ni ndugu.

Bitiruti na rozela ni vinywaji vizuri ila wekundu wa juisi hauendi kuwa wekundu wa damu, msitegemee glasi ya bitiruti ifanye kazi ya kipande cha ini. Na jueni pia damu ya mgonjwa wa kemo inashuka kwa sababu dawa inagusa uboho, kiwanda chenyewe cha damu, kwa hiyo unaweza kumlisha kila kitu sawasawa na bado ikashuka akahitaji kuongezewa, na chembe nyeupe ndo kabisa hakuna chakula cha kuzipandisha. Siyo kosa lako. Vidonge vya kuongeza damu msinunue wenyewe mpaka aandikiwe.

Majani sasa. Mstafeli, mlonge wa vidonge, mwarobaini, alovera, poda za mitandaoni, kila mtu ana mtu wake aliyepona. Najua wanaoleta wanaleta kwa upendo, dada yetu mmoja alisafiri kutoka Muheza na mfuko mzima wa majani. Lakini ukichemsha majani hujui umetoa dozi gani, na ini linalosafisha hayo majani ndilo linalosafisha kemo, linaweza kuiacha dawa ikae mwilini kwa wingi mpaka iwe sumu au kuitoa haraka kabla haijafanya kazi. Mstafeli nao una kitu kinaitwa annonacin, kisiwani Guadeloupe watafiti walikuta wagonjwa wa ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na ule wa Parkinson wengi wakiwa watu waliotumia sana tunda hilo na chai ya majani yake. Mkiwa mmeshampa, mwambieni daktari bila kuficha, hata akikasirika. Vidonge vya vitamini vya dozi kubwa navyo hivyo hivyo, viulizwe kwanza.

Kitu kingine ambacho sikukijua, siyo kila mgonjwa wa titi anakonda. Wengi wananenepa. Zile steroidi, yani dawa kama dexamethasone, zinaleta njaa, hedhi inakatika mapema, anakaa muda mrefu, na sisi tunamjazia uji wa karanga na maziwa mazito kwa huruma. Kwa hiyo mpime uzito kila wiki siku ile ile, mizani ile ile, andika kwenye ile kalenda. Akishuka ongeza mafuta, parachichi, nazi, karanga, kijiko cha siagi kila mahali. Akipanda punguza chapati, maandazi, soda na mafuta ya kukaangia, lakini protini usiguse. Ile kalenda nenda nayo kliniki, daktari akiuliza "anakulaje?" umpe karatasi, maana mgonjwa mwenyewe atasema "nakula vizuri" ili asikusemee.

Baada ya operesheni mambo yanatulia, kidonda kinataka protini ile ile na mboga za kulainisha choo kwa sababu dawa za maumivu nyingine zinafunga. Kisha wengi wenye kansa inayokua kwa homoni wanaanza tamoxifen, kidonge cha kuzuia estrojeni isiilishe kansa, kila siku kwa miaka 5 na wengine mpaka 10, hapo kazi ya chakula inabadilika inakuwa kulinda uzito, kwa sababu baada ya hedhi kukoma mafuta ya mwilini ndo yanayotengeneza estrojeni. Nusu sahani mboga, robo protini, robo wanga, na kutembea nusu saa. Pombe aache, hiyo ni moja ya vitu vinavyojulikana wazi kuongeza hatari ya kansa ya titi. Walioandikiwa letrozole au anastrozole, vidonge vya kushusha estrojeni, mifupa yao inapungua, kwa hiyo maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na jua la asubuhi.

Dada sasa ana mwaka wa pili wa tamoxifen, kilo 63, asubuhi anajipikia mwenyewe mayai yake mawili. Pilau ndo imekataa kurudi, jirani akipika anafunga dirisha, kwa hiyo Idi nampikia wali wa nazi na changu wa kuchoma.